Je, Wajua? Bosi wa Mafia Aliyeshindwa na Mama Yake

Je, wajua kuwa The Sopranos, tamthilia ambayo wengi wanaikumbuka kwa bastola na maiti, inaanza na bata? Ni bata mwitu waliotua kwenye bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba ya Tony Soprano, mjini North Caldwell, jimbo la New Jersey. Tony ni bosi wa genge, mwili kama kabati la nguo, lakini anaingia majini na nguo zake kuwapelekea bata chakula, uso umechangamka kama wa mtoto. Vifaranga wanaota mbawa. Siku ya sherehe ya kuzaliwa ya mwanawe, Tony akiwa anachoma nyama, bata wanaruka wote na kutokomea. Naye anaanguka chini, pumzi zimembana. Hospitali wanampima, hawaoni kitu. Anaishia kwenye kiti cha Dk. Jennifer Melfi, daktari wa magonjwa ya akili, na huko, taratibu sana, inabainika kuwa hofu yake haikuhusu ndege. Alihofia kupoteza familia yake.

Hayo yalirushwa na kituo cha HBO tarehe 10 Januari 1999. Kufikia 10 Juni 2007 zilikuwa zimetoka sehemu 86 katika misimu 6, na daktari na mgonjwa wake walikuwa bado hawajamaliza kuzungumzia mama mzazi.

Je, wajua kuwa mama huyo alikuwepo kweli? David Chase, mtunzi wa tamthilia hii, alizaliwa mwaka 1945 katika ukoo wa Kiitaliano ambao jina lake la awali lilikuwa DeCesare, akakulia New Jersey, sehemu ya ujana wake hukohuko North Caldwell. Mama yake alikuwa mwanamke wa manung'uniko yasiyo na mwisho, na mke wa Chase ndiye aliyemsihi amwandike. Chase hakuwa jambazi. Alichokuwa nacho ni mama wa namna hiyo, na miaka kadhaa ya kuketi mbele ya wanasaikolojia. Akachukua hayo mawili, akamvisha mtu wa mafia.

Huyo ndiye Livia. Kosa la Tony kwake ni moja: amempeleka kwenye makao ya wazee. Makao yenyewe ni ya fahari, yana bustani na zulia, lakini kwa Livia ni kaburi. Basi anaanza kunong'ona. Hamtumi mtu kuua, la hasha. Anaguna tu, anajifuta machozi, anadondosha neno moja kwenye sikio la shemeji yake, Junior, na Junior anaelewa. Msomaji aliyekulia kwenye nyumba yenye mashangazi na mawifi hahitaji kufafanuliwa mbinu hiyo. Mwisho wa msimu wa kwanza Tony amejua yote. Anakwenda kwenye yale makao ya wazee, njiani ananyakua mto, mkono unatetemeka kwa hasira. Anamkuta mama yake juu ya kitanda cha magurudumu, kapatwa na kiharusi, kafunikwa kinyago cha hewa. Anainama kumsemesha. Na chini ya kile kinyago anaona, au anadhani ameona, mama anatabasamu.

Nancy Marchand, aliyemwigiza Livia, alifariki tarehe 18 Juni 2000, kabla msimu wa tatu haujaanza kuonyeshwa. Watayarishaji wakaokoteza picha zake za zamani, wakaupachika uso wake kwa kompyuta juu ya mwili wa mwanamke mwingine ili Tony aagane naye. Kusema kweli, ilikuwa heri wasingefanya. Kichwa kinaelea, na majibu hayaoani na maswali. Ajabu ni kwamba hata hivyo Livia anatisha.

Je, wajua kuwa hadithi hii ilikataliwa mlango hadi mlango? Chase aliifikiria kwanza kama filamu. Ilipogeuzwa kuwa tamthilia, kituo cha Fox kiliagiza mswada kisha kikaachana nao, na vituo vingine vya matangazo ya biashara navyo vikapita kando. HBO ilikuwa ikilipiwa na watazamaji wenyewe kila mwezi. Haikuwa na mwenye kiwanda cha sabuni wa kuuliza kwa nini tangazo lake limekaa karibu na mtu anayekabwa koo.

Swali hilo la kukaba koo lilizuka kweli, tena ndani ya HBO. Katika sehemu ya tano, Tony anamzungusha binti yake Meadow kwenye vyuo vya jimbo la Maine. Wakiwa safarini anamwona mtu aliyewahi kulichongea genge kwa polisi. Anampeleka binti kwenye usaili, anamfuata yule mtu, anamnyonga kwa waya kwa mikono yake mwenyewe, kisha anarudi kumchukua binti. Wakubwa wa kituo waliogopa kwamba watazamaji watamchukia Tony moja kwa moja. Chase akashikilia kuwa wakimwona bosi wa mafia anamwachia msaliti aende zake, hawataamini tena chochote. Sehemu hiyo ilishinda tuzo ya Emmy ya uandishi.

Je, wajua kuwa daktari wa Tony aliombwa kwanza awe mke wake? Lorraine Bracco alikuwa ameshacheza mke wa jambazi katika filamu ya Goodfellas ya mwaka 1990 na kuteuliwa kuwania Oscar. Walipompa nafasi ya Carmela akasema hiyo ameshaimaliza, akaomba ya Dk. Melfi. Carmela akaenda kwa Edie Falco, naye akaondoka na Emmy tatu.

Silvio, mshauri wa Tony mwenye nywele zilizosimama kama paa, si mwigizaji wa kusomea. Ni Steven Van Zandt, mpiga gitaa wa bendi ya Bruce Springsteen, ambaye Chase alimwona kwenye runinga akitoa hotuba katika hafla ya wanamuziki. Mke wa Silvio kwenye tamthilia ni mke wake halisi.

Na Tony Sirico, aliyecheza Paulie, hakuhitaji kufundishwa jinsi ya kushika bastola. Kwa hesabu iliyoandikwa sana alikamatwa na polisi mara 28 kabla ya kuwa mwigizaji, na kifungo alikijua. Alipokea nafasi hiyo kwa sharti moja tu: Paulie asije akageuzwa mtoa siri. Sharti likaheshimiwa hadi mwisho.

Je, wajua kuwa wimbo wa ufunguzi si wa Marekani wala hauhusu mafia? Ni wa kundi la Alabama 3 kutoka Brixton, London, na ulichochewa na kesi ya mwanamke wa Uingereza aliyemuua mume aliyekuwa akimtesa. Kwenye picha tunaona jambazi anaendesha gari, sigara kubwa mdomoni, anatoka kwenye handaki la Lincoln, anapita viwanda na makaburi, mpaka anaegesha nyumbani kwake. Mtu anarudi kutoka kazini, basi. Katika misimu mitatu ya kwanza majengo pacha ya New York yalionekana kwenye kioo cha pembeni cha gari. Msimu wa nne ulipoanza mwaka 2002, picha hiyo ilikuwa imeondolewa.

Je, wajua kwa nini Waitaliano wa New Jersey wana matamshi ya peke yao? Kila Jumapili kina Soprano wanakutana mezani, na mezani kuna lugha yake. Nyama ya shingo ya nguruwe iliyokaushwa, ambayo Mwitaliano anaiita capocollo, wao wanaiita gabagool. Sisi tukipokea neno la kigeni tunalizawadia irabu mwishoni: basi, benki, kocha. Watu wa Napoli na kusini mwa Italia wanafanya kinyume, irabu ya mwisho wanaimeza. K ikalegea ikawa g, p ikawa b, wahamiaji wakavuka bahari na matamshi hayo, na wajukuu wakayarithi bila kujua yanaandikwaje. Neno comare, yaani mama wa ubatizo, mwanamke anayeheshimika ukoo mzima, kwa mwendo huohuo likawa goomah, na maana ikahama ikawa nyumba ndogo. Namna mama wa ubatizo alivyoishia huko, nawaachia wenye koo zao.

Carmela anajua kuhusu hizo nyumba ndogo. Anajua pia pesa zinatoka wapi. Kwangu mimi hapo ndipo pazito kuliko popote penye risasi. Katika msimu wa tatu anakwenda kwa daktari mwingine wa akili, mzee, aliyemkatalia hata malipo kwa kuwa hataki fedha yenye damu. Mzee anamwambia amwache mume, achukue watoto tu, au kilichosalia kwao, aondoke. Carmela anasikiliza, anatoka, anarudi nyumbani. Kilichofuata si talaka bali mchango wa maelfu ya dola kwa chuo cha binti.

Je, wajua kuwa majambazi wenyewe walikuwa wakitazama? Mwaka 1999, wiki chache baada ya tamthilia kuanza, maofisa wa FBI waliwarekodi kwa siri watu wa genge la DeCavalcante la New Jersey wakijadiliana ndani ya gari kama hadithi ile inawasema wao. Walionekana kufurahia.

Kulikuwa na ambao hawakufurahia hata kidogo. Kwa sehemu inayoitwa Pine Barrens, ambamo Paulie na mwenzake wa genge, Christopher, wanapotea kwenye theluji wakimfukuza Mrusi mmoja mpaka wanagombania vipakiti vya kechapu, mkuu wa wilaya moja ya New Jersey alikataa wasipige picha kwenye msitu wa umma. Sababu: tamthilia inawachafua Wamarekani wenye asili ya Italia. Wakahamia msitu wa Harriman, New York. Miaka michache baadaye mkuu huyo alikiri makosa ya rushwa mahakamani na kufungwa. Yule Mrusi, kwa upande wake, hajapatikana hadi leo.

Na mwisho je? Familia inakutana kwenye duka la aiskrimu la Holsten's, mjini Bloomfield. Wameagiza vitunguu vya kukaanga vya duara. Meadow anahangaika nje kuegesha gari. Kengele ya mlango inalia, Tony anainua macho, na skrini inakuwa nyeusi, kimya, sekunde kumi hivi kabla ya majina kupita. Watazamaji karibu milioni 12 walikuwa wakiangalia usiku huo, na wengi walirukia waya za runinga wakidhani matangazo yamekatika. Sisi tuliozoea umeme kukatika kwenye fainali tungetulia tu na kutafuta mshumaa. Mwaka 2024 meza na viti walivyokalia viliuzwa mtandaoni kwa dola 82,600.

James Gandolfini, mtoto wa mama aliyepika kwenye shule, alishinda Emmy tatu kwa nafasi ya Tony. Alifariki kwa maradhi ya moyo jijini Roma tarehe 19 Juni 2013, akiwa na umri wa miaka 51. Mwanawe Michael alizaliwa mwaka 1999, mwaka uleule tamthilia ilipoanza, na hakuwahi kuitazama. Alipotakiwa kumwigiza Tony kijana katika filamu ya The Many Saints of Newark, iliyotoka mwaka 2021, ikambidi aketi peke yake aanze sehemu ya kwanza. Humo, asubuhi moja, baba yake anatoka nyumbani na joho la kuogea, kifua wazi, anashuka taratibu kuelekea barabarani kuokota gazeti.