Maji ya mlima na jua la mchana: nani atatunza umeme wetu?



Pinga iko mpakani: upande mmoja Masisi, upande wa pili Walikale. Mito yashuka toka milimani na kuingia mwituni, mchana na usiku, bila kupumzika. Hata hivyo, jua likisha kutua, giza linashika. Mwenye butiki anawasha moteri yake ya esansi, watu wanamletea simu azitie moto, na muuguzi anazalisha akina mama kwa mwanga wa tochi. Esansi hiyo imetoka mbali, juu ya pikipiki, katika barabara ya matope na vizuizi, na kila kizuizi kinaongeza bei. Maji yapita bure karibu na nyumba, nasi twanunua moto wa mbali. Wakatekista wengi wanatuuliza: kwa nini? Tujibu pole pole, maana jibu si moja.

1. Nguvu ya maji yapimwa namna gani?

Watu wengi wakiona mto mkubwa husema: "Hapa kuna umeme mwingi." Wanakosea. Mto mpana unaotembea polepole bondeni hautoi nguvu nyingi kwa mtambo mdogo. Mambo mawili yanahesabiwa pamoja: maji ni mengi kiasi gani, na yanaanguka toka juu kiasi gani.

Kila mtu aliyesoma hesabu ya shule ya msingi aweza kupima. Chagua pahali ambapo kijito kimenyooka, pima meta 10 kwenye ukingo, tupa jani majini, na uhesabu sekunde. Tuseme jani limetumia sekunde 40: basi maji yanakwenda meta 0.25 kwa sekunde. Kama kijito kina upana wa meta 1 na kina cha meta 0.25, zidisha hesabu zote tatu, kisha ondoa sehemu moja katika tano, kwa sababu maji ya chini yanakwenda polepole kuliko ya juu. Utapata karibu litri 50 kwa sekunde.

Sasa pima kimo cha maporomoko. Tukisema ni meta 20, zidisha litri 50 kwa 20, kisha kwa 6. Hiyo 6 ndiyo yale yanayobaki baada ya bomba, turbini na jenereta kula sehemu yao. Jibu ni wati 6,000, maana yake kilowati 6. Kwa nguvu hiyo zahanati itakuwa na friji ya chanjo, shule na nyumba nyingi zitakuwa na taa, maana taa 100 za wati 10 zatumia kilowati 1 tu. Lakini mashine kubwa ya kusaga mahindi na muhogo yaweza kuishinda. Ni vema kujua hayo mbele ya kuwaahidi watu.

Onyo moja: pima wakati wa ukame. Anayepima wakati wa mvua atajenga mtambo utakaolala kila mwaka katika miezi ya jua.

2. Jua na batri

Pahali pasipo na maporomoko, jua lasaidia. Sisi tuko karibu na ikweta, na mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, ingawa mawingu yetu ni mazito. Paneli ya jua ni kitu cha kudumu: ikiwekwa vizuri na kupanguswa, yaweza kufanya kazi miaka 25. Anayekufa upesi ni mwenzake, yaani batri. Batri ya risasi hudumu mara nyingi miaka 3 mpaka 5, nayo haipendi kumalizwa. Anayeitumia kila usiku mpaka taa zizimike anaiua mwenyewe. Batri za litiamu zadumu zaidi, lakini bei yake ya kwanza ni kali.

3. Wenzetu wamefanya nini?

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya tu. Hapa Kivu ya Kaskazini, Mbuga ya Virunga ilianza na mtambo mdogo wa maji huko Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, mwaka 2013: karibu kilowati 400. Kwa umeme ule kilifunguliwa kiwanda cha sabuni. Mwezi wa Desemba 2015 ukafuata mtambo wa Matebe, juu ya mto Rutshuru, wenye zaidi ya megawati 12, yaani mara 30 ya ule wa kwanza. Shabaha haikuwa taa peke yake. Walitaka vijana wapate kazi, wasiingie katika vikundi vya silaha wala kukata miti ya mbuga kwa kuchoma makala. Huko Goma, mwaka 2020, kampuni ya Nuru ilifungua mtambo wa jua wa megawati 1.3.

Lakini tuseme kweli yote. Mwezi wa Januari 2025, vita vilipofika Goma, umeme ulikatika, pampu zikasimama, na watu wakarudi kuchota maji ziwani. Waya mrefu wakatwa pahali pamoja, na mji mzima waona giza. Kwa sababu hiyo mitambo midogo, kila mmoja pahali pake, si jambo la kudharau katika inchi yetu.

Mfano mwingine watoka Tanzania. Katika mkoa wa Ruvuma, Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole walijenga mtambo wa Tulila juu ya mto Ruvuma. Ulianza kazi mwaka 2015, nao ulitoa megawati 5. Wakati ule mji wa Songea ulikuwa haujaungwa na waya mkuu wa taifa, na shirika la umeme la serikali, TANESCO, lilichoma mazuti ya bei kubwa. Masista wakaliuzia umeme. Waliwezaje? Kwa sababu serikali ilikuwa imekwisha kuweka mkataba wa namna moja kwa wazalishaji wadogo, wasiozidi megawati 10. Mwenye mtambo alijua mapema nani atanunua na kwa masharti gani. Mwenye kukopesha naye aliweza kuhesabu kama deni lake litalipwa.

4. Sheria yasema nini kwetu?

Tangu mwaka 1970 SNEL ndiyo ilikuwa karibu peke yake katika kazi ya umeme wa watu wote. Inga ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1972, ya pili mwaka 1982. Lakini waya wake haukufika mwituni kwetu, na katika Kongo nzima mtu mmoja tu hivi kati ya watano ana umeme. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 iliufungua mlango: watu binafsi na kampuni waweza kuzalisha na kuuza, kwa ruhusa. Katika mwaka 2016 ziliundwa ofisi mbili: ARE, ya kusimamia kazi na bei, na ANSER, ya kusaidia vijiji. Basi, anayetaka kufunga turbini kwa ajili ya kuuza umeme asianze na saruji. Aanze na barua kwa wakubwa wa jimbo, na mapatano yaliyoandikwa na wenye udongo na mwami wao.

5. Feza ya kununua na feza ya kutunza

Hapa ndipo kiini cha maneno yetu. Mtambo wa mazuti wanunuliwa kwa bei ndogo na kulishwa kwa bei kubwa kila siku. Mtambo wa maji au wa jua ni kinyume: karibu feza yote yatakiwa siku ya kwanza. Kwa hiyo mwenye feza anaogopa. Anauliza: vita vitakuja? Barabara itapitisha turbini? Watu watalipa? Nani atashika hesabu? Swali la vita na la barabara hatuwezi kulijibu peke yetu. Mawili ya mwisho twaweza.

Katika parokia moja nilimokaa, wafadhili walituletea paneli nne na batri zake. Tulifurahi, tukapiga ngoma. Taa ziliwaka bure, kila mtu alitia simu yake moto bure, na hakuna aliyeweka hata franga moja. Mwaka wa tatu batri zilikufa. Paneli zilibaki juu ya mabati, nzima kabisa, na chini yake tulisoma kwa mshumaa. Kosa halikuwa la wafadhili, lilikuwa letu, nami nilikuwa mmoja wao.

Hesabu ilikuwa nyepesi. Tuseme batri ya dola 240 yadumu miaka 4, yaani miezi 48: ni dola 5 kila mwezi. Wenye simu peke yao wangeweza kuzilipa.

Basi, ndugu padri, ndugu katekista, nawe mseminari utakayepewa parokia kesho: mtu akikuletea mtambo, shukuru. Kisha, kabla ya kuufunga, weka mambo matatu: mtu mmoja aliyefundishwa kuutengeneza, sanduku lenye funguo mbili mikononi mwa watu wawili, na daftari linalosomwa mbele ya wote kila mwezi. Kama hayo matatu hayapo, mwombe mfadhili angoje kidogo. Mto hautahama.