Waliouza Haki ya Kuharibu Mandhari

Mkulima anaweza kuuza haki ya kuharibu mandhari, na shamba likabaki lake. Nilikutana na jambo hilo nikisoma historia ya Blue Ridge Parkway, barabara ya milimani huko Marekani, na tangu hapo halijanitoka kichwani.

Miaka ya 1930, serikali ilipokuwa ikitafuta ardhi ya barabara hiyo Virginia na North Carolina, kuna wakulima ambao hawakuambiwa wahame. Waliambiwa watie saini. Ng'ombe waendelee kula malishoni, mahindi yapandwe kama kawaida, watoto warithi. Ila mwenye shamba asisimamishe bango la biashara, asimwage taka, wala asikate miti mikubwa au kujenga apendavyo pale msafiri anapoona. Shamba halikununuliwa. Kilichonunuliwa ni kile jicho linachokiona kutoka barabarani.

Mtu aliyeisanifu barabara hiyo ni Stanley Abbott, msanifu wa mandhari aliyeanza kazi mwishoni mwa 1933 akiwa na miaka 25. Hakutaka barabara ing'ang'anie vilele. Alitaka ifuate kijito kwa muda, ipande ubavuni mwa malisho, ishuke bondeni kwenye mashamba, kisha irudi msituni. Milima mitupu haikumtosha. Alitaka zizi, ua wa magogo na mashamba yanayolimwa vionekane, kwa hiyo hata ardhi iliyonunuliwa kabisa ilikodishwa tena kwa wakulima ili vichaka visiimeze. Majengo ya wageni yakawa madogo, ya mbao na mawe, yakifuata ujenzi wa wenyeji. Malori yakapigwa marufuku. Miaka mingi baadaye Abbott alieleza kwamba haoni kazi ya ubunifu inayoizidi ile ya kuichagulia barabara hiyo njia yake.

Namsadiki. Lakini kuna kinu cha Mabry, huko Virginia, ambacho wageni hawaachi kukipiga picha. Mwenye kinu na mkewe waliishi jirani nacho katika nyumba ya mbao ya ghorofa mbili, nyumba ya watu waliojitahidi maishani. Ilibomolewa mwaka 1942. Baadaye kikaletwa hapo kibanda cha magogo kutoka kwingine. Kibanda kilifaa zaidi kwa picha ya mlima iliyotakiwa. Je, picha hizo ni za maisha ya nani?

Na wale waliotia saini? Wapo ambao hawakuelewa vizuri walichokiuza. Mashamba yalipopita kwa warithi na wanunuzi wapya, mizozo ikazuka juu ya mti uliokatwa na jengo lililosimamishwa, hata wasimamizi wa barabara wakaona heri kununua ardhi yote kuliko kununua haki nusunusu. Bado najiuliza kama kosa lilikuwa kwenye wazo lenyewe au kwenye namna lilivyoelezwa kwa watu wa mlimani.

Kilomita 755 za barabara hiyo zilikamilika mwaka 1987, kwa daraja refu linalozunguka mlima Grandfather, ambalo zege lake lilitiwa rangi lifanane na miamba. Hiyo ni kazi ya heshima kubwa. Lakini ukanda wa barabara ni mwembamba, na sehemu kubwa ya anachokiona msafiri iko nje ya mpaka wake. Huko, rangi ya paa na kimo cha nyumba viko mikononi mwa kaunti na mwenye shamba, na bila ridhaa yao hakuna mwongozo wa ujenzi utakaoilinda mandhari hiyo.