Dakika Ishirini za Kakamega

Saa yangu ya mkononi iliniambia Magharibi imeingia. Nilikuwa nimekwisha tia udhu, kofia kichwani, msala begani, nimesimama mlangoni mwa duka la ndugu yangu mjini Kakamega nikimngojea tuandamane msikitini. Yeye alikuwa angali ameketi, anakunja vitambaa vyake kimoja kimoja na kuvirudisha rafuni.

"Bado, kaka," akaniambia. "Jua la huku haliendi kwa saa ya Mombasa."

Nikatazama nje. Kweli, jua lilikuwa juu ya mapaa ya mabati, halina habari nami. Mombasa na Kakamega zinatumia saa moja, lakini Kakamega iko upande wa machweo kwa digrii kama tano, na kila digrii jua huipita kwa dakika nne. Zidisha mwenyewe, msomaji: dakika ishirini. Wenzangu wa Mombasa wamekwisha toa salamu na wameanza kugongana vikombe vya kahawa, na huku muadhini bado hajavua viatu.

Nilikasirika. Nasema kweli yangu: mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, nililikasirikia jua.

Nilikuwa nimekwenda huko kwa basi, usiku kucha na sehemu kubwa ya mchana, kwa jambo nililowaambia watu wote kuwa ni kuunga udugu. Mke wangu nilimwambia hivyo, na jamaa wa msikitini hivyo hivyo, hata mzee mmoja akaniombea dua. Mimi na huyu ndugu yangu mdogo tulikuwa hatusemezani, mwaka wa sita huo. Mama yetu alifariki Mombasa alfajiri ya Jumatatu, tukamzika baada ya Adhuhuri kama ada ya Waislamu, na mwanawe wa pili akafika Jumanne, udongo wa kaburi umekwisha kauka. Neno nililomwambia siku ile mlangoni, mbele ya watu waliokuja matangani, sitaliandika hapa. Alinyamaza, akakaa mpaka matanga yakaondoka, akarudi bara.

Hiyo ndiyo habari niliyoitangaza. Nisiyoitangaza ni kuwa chini ya mkoba wangu, chini ya kanzu mbili, nilikuwa nimetia karatasi za nyumba ya marehemu, pamoja na kalamu ya kutilia sahihi. Basi nia yangu ilikuwa ipi?

Sisi tuliopitia chuoni tumelijua swali hilo kabla ya kujua kuandika majina yetu. Katika Safinatun Najaa, kile kitabu kidogo cha Sheikh Salim bin Sumeir wa Hadhramaut ambacho watoto wengi wa pwani wamekisoma, nguzo za sala ni 17, na ya kwanza ni nia. Pahala pake ni moyoni. Ulimi ni msaidizi tu, na wangu ulikuwa ukisaidia uongo: ulisema udugu, moyo ulisema nyumba.

Lakini liko jambo jingine katika hesabu hiyo ambalo aghalabu tunalipita mbio. Katika hizo nguzo 17, nne ni kutulia: katika rukuu, katika itidali, katika sijida, na katika kikao baina ya sijida mbili. Si sunna, wala si pambo la wacha Mungu. Kwa madhehebu yetu ya Shafii tumaanina ni nguzo, na nguzo ikikosekana nyumba haipo. Na kiasi chake ni kidogo mno, viungo vitue mahali pake kwa muda wa kutamka subhanallah moja tu. Mwalimu wetu alikuwa akisimama nyuma yetu na ufito. Hakuupigia, aliulaza juu ya mgongo wa mtoto aliyerukuu, na ukianguka mtoto huanza sala upya. Mimi nilirudia Adhuhuri moja mara tatu, kama yule bwana wa katika hadithi aliyerudishwa na Mtume (s.a.w.) akasali tena na tena kwa ajili ya pupa yake.

Siku hizi wako watu katika miji mikubwa wanaolipa fedha nzuri wafundishwe kukaa kimya, kuhesabu pumzi na kujua kilichomo nyoyoni mwao. Siwacheki. Mtu mwenye kiu hana haja ya kuulizwa kisima ni cha nani. Nawacheka wale wetu ambao wamefundishwa kutulia tangu utotoni, wakatulia mara tano kwa siku, kisha wakatoka msikitini na kugombana na mwenye mkokoteni pale pale mlangoni. Nami ni mmoja wao.

Basi nilikaa Kakamega siku tano, na kwa kuwa ndugu yangu alikuwa dukani mchana na sikutaka kukaa naye uso kwa uso, nikawa natembea. Watu wa huko wana salamu yao, "mulembe", yaani amani, na wanaitoa kwa mkono wa kweli, hawakuachilii upesi. Mchana jua linawaka, na kwenye saa tisa au saa kumi mawingu hukusanyika na mvua ikashuka kwa kishindo. Mtu hana la kufanya ila kusimama chini ya paa la jirani na kungoja. Niliona wanunuzi na wauzaji wa sokoni wamesimama bega kwa bega, hakuna anayetukana mvua. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikitazama saa.

Na wala mji huu si mgeni wa pupa. Mwaka 1931 ilionekana dhahabu hapa, na wazungu wakamiminika wakipiga mahema mashambani mwa watu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetunga sheria mwaka 1930 ya kuwalindia wenyeji ardhi yao. Kufika mwaka 1932 ikaibadili, ili machimbo yapate nafasi. Ahadi ya miaka miwili! Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa miaka ya 1950, na jina limebaki kuwa jina la mtaa. Nilipita hapo nikiwa na zile karatasi katika fikira zangu, nikaharakisha hatua.

Siku ya tatu nilikwenda msituni, upande wa Isecheno. Msitu wa Kakamega ni kipande kilichobaki cha msitu mkubwa wa mvua uliokuwa umetandaa kutoka Kongo. Ulihifadhiwa na serikali mwaka 1933, na leo ni kilomita za mraba kama 240 tu, umezungukwa na mashamba pande zote. Kijana aliyenitembeza aliniambia mapema kuwa wageni wengi hutoka humo wakilalamika hawakuona kitu, nao walikuwa wakizungumza njia nzima. Akanikalisha juu ya gogo. Mwanzo nilisikia moyo wangu tu, na mahesabu yangu: vyumba vya mbele vya nani, uwanja wa nani. Baadaye, sijui ni muda gani, nikasikia mbawa za hondohondo, zinavuma kama mtu anayepepea moto kwa ungo. Halafu mbega, weupe na weusi, wamekaa juu muda wote huo wakinitazama. Walikuwapo. Mimi ndiye sikuwapo.

Alinipa na kipande cha mzizi wa mukombero nitafune. Ni mchungu kidogo kisha utamu unakuja, na wanaume wa huko wanausifu kwa sifa ambazo ukurasa huu hauwezi kuzichukua.

Siku ya nne, alfajiri, nilipelekwa Khayega kutazama fahali. Waisukha na Waidakho ni mashuhuri kwa mchezo huo. Si kama ule wa Pemba ambapo mtu ndiye anayemchezea ng'ombe. Hapa ni fahali kwa fahali, pembe kwa pembe, mpaka mmoja ageuke akimbie. Ngoma ya isukuti inatangulia, ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga, ile ile ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa kwa haraka. Ngoma yenyewe naisifu, inampandisha mtu damu hata awe na tasbihi mkononi. Kuwapiganisha wanyama ni jambo lililokatazwa katika dini yetu, na sitaki nisingiziwe kuwa nimelihalalisha. Lakini nilitazama, na nilichokitazama zaidi ni miguu. Fahali wale walikuwa wamesukumana kwa vipaji muda mrefu, hawasogei, misuli inatetemeka. Na ghafla yule mkubwa akageuka akaondoka mbio, watu wakamfuata na matawi ya miti kwa kelele. Kwetu husema fahali wawili hawakai zizi moja, na marehemu mama alikuwa akitutajia hivyo mimi na ndugu yangu tulipokuwa tukigombea kitanda. Nikajiuliza: yule wangu alipogeuza uso mlangoni siku ya matanga, mimi nilijihesabu nimeshinda?

Tukirudi tulisimama Ilesi, kando ya barabara ya Kisumu, penye lile jabali refu lililobeba jiwe kichwani. Wenyeji husema linalia, kwa maji yanayotiririka ubavuni mwake. Visa vya kwa nini linalia ni vingi na havipatani. Aliyesoma Suratul Baqara anakumbuka mahali ambapo mawe na nyoyo vimetajwa pamoja. Mimi nilipakumbuka, nikaomba tuondoke.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alimfananisha mtu na nafsi yake na mfanyabiashara na mshirika wake: asubuhi wanapeana masharti, mchana amwangalie, jioni wafanye hesabu. Jioni ya tano nilikuwa nimekaa kwenye kigoda dukani, na ndugu yangu akifunga daftari lake la mauzo. Saa yangu ikafika Magharibi ya Mombasa. Zilibaki dakika ishirini, na safari hii sikusimama. Nikafanya hesabu yangu.

Kwa miaka sita nilikuwa nikiita kitu kile hasira. Hakikuwa hasira. Mama aliugua siku tisa. Siku tisa simu imo mfukoni mwangu, na ndugu yangu yuko mwendo wa basi moja tu, nami sikumpigia ila alfajiri ile alipokwisha kata roho. Nilijiambia atapona. Hilo ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kuwa nilipenda kuwa mimi ndiye mwana aliye kando ya kitanda, nitakayeombewa dua peke yangu. Kisha nikamlaumu kwa kuchelewa.

Nikamwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo, sikuyapamba. Mvua ilikuwa imekatika, michirizi inateremka barabarani. Alikaa kimya kwa muda ambao ufito wa mwalimu wetu usingeanguka.

"Nilikuwa najua, kaka," akasema. "Nilikuwa nangoja utambue."

Nikamtolea karatasi nikamwonyesha, maana kuzificha tena kungekuwa uongo wa pili. Akazisoma zote kwa miwani yake, ukurasa kwa ukurasa, akanirudishia bila kutia sahihi. Akasema mirathi ni haki iliyogawanywa na Mwenyezi Mungu na haihitaji hila, na dada zetu nao wana fungu lao ambalo katika karatasi zangu halikuonekana vizuri. Ni kweli, halikuonekana vizuri. Muadhini akaadhini. Tukafunga mlango wa duka, na msikitini yeye ndiye niliyemtanguliza asalishe.

Nyumba bado haijagawanywa. Kadhi ametupa siku mwezi ujao, na ndugu yangu amesema atakuja siku mbili kabla.