Filamu yavuka mpaka, redio ndiyo yazimwa

Mchuuzi anayetoka Gitega kupitia Karusi hadi Muyinga, kisha akateremka Kobero kuvukia Kabanga upande wa Tanzania, habebi mzigo peke yake. Mfukoni ana simu, na ndani ya simu mna video alizorushiwa na wenzake: bei za mchele, mahubiri, vichekesho, na mara mojamoja filamu ndefu inayouliza ni nani alimuua fulani na ni nani aliyetoa amri. Filamu ya namna hiyo haihitaji ukumbi. Watu watatu wanne huinamia kioo kimoja huku lori likisubiri karatasi za forodha, na ubishi huanza kabla picha haijafika katikati. Mmoja husema ni uzushi wa wazungu. Mwingine huuliza uzushi gani huo wenye sura za watu na sauti zao.

Ubishi huo ni wa haki, na una gharama zake. Mara nyingi hailipi aliyetengeneza filamu. Hulipa msikilizaji wa redio ambaye hata filamu yenyewe hakuiona.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Disemba 2018. Shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilitoa mtandaoni filamu ya uchunguzi iliyodai kwamba nyumba moja mjini Bujumbura ilitumika kutesa na kuua watu baada ya vurugu za mwaka 2015. Serikali ya Burundi ilikanusha na kusema ni uongo mtupu. Machi 2019 Baraza la Taifa la Mawasiliano, CNC, likaifutia BBC leseni na kuiongezea Sauti ya Amerika, VOA, adhabu isiyo na kikomo. Redio zote mbili zilikuwa zimeshafungiwa tangu Mei 2018, siku chache kabla ya kura ya maoni ya katiba. Juu ya hapo, kila mwandishi aliyeko Burundi, awe raia au mgeni, akakatazwa kuzipa habari.

Tazama jambo hilo kwa jicho la soko. Filamu ilikuwa mtandaoni, kwa mwenye simu nzuri na pesa ya bando. Kilichonyamazishwa ni masafa ya FM, yale anayoyasikiliza mama wa ndizi na dereva wa lori. Filamu iliendelea kupatikana. Taarifa ya asubuhi ndiyo iliyokosekana.

Kigali ilikuwa imetangulia kufanya hivyo. Tarehe 1 Oktoba 2014 BBC ilionyesha Uingereza filamu iliyohoji simulizi inayojulikana ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, na kabla mwezi haujaisha Rwanda ikasimamisha matangazo ya BBC kwa Kinyarwanda. Lakini hapa msomaji asikimbilie kuwa upande wa filamu kwa sababu tu serikali imekasirika. Filamu ile iliwapa nafasi watafiti wawili wa Marekani waliodai kuwa wengi wa waliouawa huenda hawakuwa Watutsi. Wanahistoria na waandishi wengi waliobobea katika habari za Rwanda waliandika barua ya kupinga, wakisema hesabu hiyo inapingana na ushahidi mwingi uliopo. Filamu inaweza kuwa jasiri na bado ikakosea. Serikali nayo inaweza kuwa na sababu ya kulalamika na bado ikatoa adhabu inayomwangukia asiyehusika.

Wakazi wa Gitega hawana haja ya kufundishwa kwamba njama huwapo kweli. Mwanamfalme Louis Rwagasore, ambaye chama chake cha UPRONA kilishinda viti 58 kati ya 64 Septemba 1961, alipigwa risasi tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo akiwa hotelini kando ya Ziwa Tanganyika, wiki chache tu baada ya kuwa waziri mkuu. Aliyefyatua risasi, Mgiriki Jean Kageorgis, aliuawa kwa hukumu tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Baada ya uhuru kesi ikafunguliwa upya, na Januari 1963 watu watano zaidi wakanyongwa hadharani hapohapo Gitega.

Kwa miaka mingi, aliyesema kuwa wakoloni wa Kibelgiji walikuwa na mkono katika mauaji hayo alionekana mtu wa kusikiliza minong'ono. Kisha watafiti wakafungua makabrasha ya Brussels. Ludo De Witte, Mbelgiji, alichapisha kitabu mwaka 2021 akionyesha kwamba mkuu wa utawala wa Ubelgiji nchini, Roberto Régnier, alikuwa amezungumza mbele ya wasaidizi wake juu ya kumwondoa Rwagasore. Hati hizo hazijibu kila swali. Lakini zimebadilisha uzito wa mazungumzo, kwa kuwa sasa kuna maandishi ya kubishania.

Muyinga nayo ina yake. Kati ya Mei na Agosti 2006, watu wasiopungua 30, wengi wakishukiwa kuunga mkono waasi wa FNL, walikamatwa na kupelekwa kambi ya jeshi ya Mukoni. Hawakurudi. Miili ikaanza kuonekana katika Mto Ruvubu. Mwanzoni ilikuwa habari ya kunong'onezana, mtu akitazama nyuma kabla ya kusema. Redio binafsi na watetezi wa haki za binadamu waliishikilia hadi ikafika mahakamani, na Oktoba 2008 mahakama ya kijeshi ikawatia hatiani wanajeshi kadhaa. Kamanda wa eneo hilo, aliyekuwa ameshatoroka, alihukumiwa bila kuwapo.

Mwaka huohuo wa 2006 serikali nayo ilikuwa na simulizi yake ya njama. Ilitangaza kwamba imegundua mpango wa mapinduzi, ikawakamata watu mashuhuri akiwemo rais wa zamani Domitien Ndayizeye. Waandishi wa redio waliotilia shaka habari hiyo wakawekwa ndani. Januari 2007 Mahakama Kuu kabisa ya nchi ikamwachia huru Ndayizeye, na waandishi nao wakaachiwa. Kwa hiyo katika mwaka mmoja, uvumi wa mtaani ulithibitika na tangazo la ikulu likashindwa kusimama. Hili husahaulika sana watu wanapodhani kwamba uzushi hutoka kwa wanyonge tu.

Kuna lingine ambalo halijatulia. Mwaka 2014 wavuvi wa Ziwa Rweru, tarafa ya Giteranyi, waliona miili ikielea, baadhi ikiwa imefungwa. Burundi ilisema imetoka Rwanda kwa njia ya Mto Akagera. Rwanda ikajibu kwamba haina taarifa za watu waliopotea. Miili minne ilizikwa karibu na ziwa, na hadi leo nchi hizo mbili hazijakubaliana juu ya asili yake. Atakayetengeneza filamu ya Rweru atakuwa na picha za kutosha za maji na makaburi. Atakachohitaji ni majina.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya filamu na filamu. Ile iliyotengenezwa na Mbelgiji Thierry Michel juu ya kifo cha Floribert Chebeya, mtetezi wa haki za binadamu aliyekutwa amekufa ndani ya gari lake pembezoni mwa Kinshasa Juni 2010, ilifuata kesi hatua kwa hatua. Serikali ya Kongo ilimfukuza Michel alipotua Kinshasa mwaka 2012. Miaka kumi baadaye, 2022, mahakama ya juu ya kijeshi ya Kongo hiyohiyo ilimhukumu kifo afisa wa polisi Christian Ngoy Kenga Kenga kwa mauaji hayo. Nairobi nako, Aprili 2025, onyesho la filamu ya BBC kuhusu waandamanaji waliopigwa risasi nje ya bunge tarehe 25 Juni 2024 lilifutwa dakika za mwisho. BBC ilisema kulikuwa na shinikizo la mamlaka. Watengenezaji filamu wanne wakakamatwa siku chache baadaye, ingawa BBC ilisema hawakuhusika na filamu hiyo. Wakenya wakaitazama kwenye simu, wengi pengine zaidi ya ambao wangetosha ukumbini.

Kwa mwenye kuvuka mipaka, simu hiyo si mchezo. Waandishi wanne wa gazeti la Iwacu waliokamatwa Oktoba 2019 wakienda Bubanza kufuatilia mapigano walihukumiwa miaka miwili na nusu, na ushahidi mmojawapo ulikuwa ujumbe wa mzaha wa WhatsApp. Walipata msamaha wa rais Disemba 2020. Mzaha hausomeki vizuri mbele ya hakimu.

Na redio? CNC iliiruhusu tena BBC Machi 2022. Mpaka wa Burundi na Rwanda ulipofungwa Januari 2024, Burundi ikiituhumu Rwanda kuwasaidia waasi wa RED-Tabara na Rwanda ikikana, wafanyabiashara walikuwa na angalau sauti moja zaidi ya kulinganisha na uvumi wa stendi. VOA iliponyamaza Machi 2025, amri safari hii haikutoka Bujumbura wala Kigali. Ilitoka Washington.