Kamusi ya Kipokomo na Njia Zake Mbili

Mto Tana huvukwa kwa mtumbwi au kwa daraja, mzigo haubadiliki. Ndivyo ilivyo MCP, taratibu zilizotolewa na kampuni ya Anthropic mwaka 2024 ili wasaidizi wa akili unde watumie zana kama kamusi. Ujumbe ni uleule, bali hupita ndani ya kompyuta moja au mtandaoni kwa HTTP.

Mwalimu wa Hola anayekusanya msamiati wa Kipokomo, mimi mwanaisimu namshauri aanze na njia ya kwanza: haiwafungulii mlango wapita njia. Hata hivyo tusijidanganye. Msaidizi akiwa ng'ambo, kila neno analopewa huvuka mpaka. Njia ya pili na ingoje ulinzi, pamoja na kibali cha wenye lugha. Walimu wenzangu mwaonaje?