PAMBA: Asili ya nguo hupotelea kinuni

Wanafunzi wa ubunifu wa mavazi katika vyuo vingi duniani sasa hufundishwa kuuliza nguo imetoka wapi. Swali hilo lilipata nguvu baada ya jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh kuporomoka Aprili 24, 2013 na kuua zaidi ya watu 1,100. Nembo za makampuni ya Ulaya zilikutwa kwenye kifusi.

Kwa mfanyabiashara wa pamba, jibu huanzia kijijini. Katika vijiji kama Lingeka, mkoani Simiyu, mkulima anapouza pamba mbegu hupimiwa, na jina na kilo zake huandikwa. Kinuni, pamba ya wakulima wengi huchanganywa. Robota hupewa namba, lakini namba hiyo humrudisha mnunuzi kinuni tu, si shambani. Wasokota nyuzi nao huchanganya pamba za nchi mbalimbali.

Njia nyingine ipo mkoani humo humo. Wilayani Meatu, mradi wa bioRe, ulioanza mwaka 1994 kwa ushirikiano na kampuni ya Remei ya Uswisi, hununua pamba hai kwa mkataba na kuitenga hadi nguo inaposhonwa. Mkulima hulipwa nyongeza juu ya bei ya soko.

Nyongeza hiyo ina gharama zake: ghala la peke yake, ukaguzi na zamu maalum ya kuchambua. Anayeitaka apige hesabu mapema, kwani pamba ya nje ikichanganywa, shehena hupoteza sifa na huuzwa kwa bei ya kawaida.