Kikombe Juu ya Sinia

Ukiona sinia la kale la shaba limechorwa kikombe ndani ya duara, usidhani fundi alikuwa akipoteza wakati. Huko Misri na Shamu, enzi za utawala wa Mamluki (1250 hadi 1517), alama hiyo ilisomwa kama kitambulisho.

Mamluki ni neno la Kiarabu, maana yake mtu anayemilikiwa. Walikuwa wavulana walionunuliwa nchi za mbali, Waturuki hasa na baadaye Wacherkesi, wakafunzwa dini na vita, kisha wakaachwa huru. Waliobahatika walitumikia kasri la sultani: huyu anamnywesha bwana, yule anamshikia upanga, mwingine anamtunzia nguo. Aliyepandishwa cheo akawa amiri alikuwa na alama yake, na mara nyingi ilikuwa chombo cha kazi yake ya zamani! Mnyweshaji kikombe, mtunza nguo kitambaa cha pembe nne, msimamizi wa mchezo wa polo magongo mawili. Mshika upanga aliitwa silahdar, na mbeba kidau cha wino dawadar. Umeyatambua? Ndiyo silaha yetu hiyo, na dawati tunaloegemea darasani.

Hebu fikiria. Mkubwa wa jeshi anakaribisha wageni, na sinia, birika na bakuli vyote vinatangaza kwamba jamaa alikuwa mtumishi. Kwetu mtu akipata cheo, alikotoka hakutajwi tena. Lakini huyu aliuzwa mtoto, akatenganishwa na wazazi. Angejivunia ukoo upi? Naona kazi ndiyo ilikuwa ukoo wake.

Ufundi nao si mchezo. Shaba ilichongwa vijishimo, vipande vyembamba vya fedha vikapigiliwa humo, yaani njumu.

Beseni moja mashuhuri la aina hii liko katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Fundi wake, Muhammad ibn al-Zayn, aliweka jina lake mara sita (hakutaka utani!). Wafaransa waliliita la Mtakatifu Louis, ingawa mfalme huyo alifariki mwaka 1270 na beseni lilitengenezwa miaka ya 1300 na kitu. Mwaka 1606 Louis XIII alibatizwa kwalo. Humo mmechorwa watumishi wa sultani na vyombo vyao, na bakuli moja limeandikwa kwa Kiarabu kwamba lenyewe ni chombo cha kubebea chakula.